TEMBO MCHANA WANA ADABU

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando. Walioniandikia kuhusu wachumba zao wavute subira, zamu yao inakuja. Leo nazungumzia wanyama, na usicheke, maana hawa ni wale wenye miguu minne.

Sisi watoto wa mjini tunawajua wanyama bwana! Simba ni timu, na ikifungwa Jumamosi kuna nyumba hazipiki. Twiga ni saruji, na ni timu ya taifa ya dada zetu. Ndovu ni bia. Tembo ndiyo kabisa, maana ukifika pwani ukisema unataka tembo utaletewa kata ya mnazi, ukae mkekani unywe. Halafu tunatembea nao mfukoni. Angalia pesa zako kama unazo: noti ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina faru, ya 10,000 ina tembo. Ndiyo maana mshikaji wangu mmoja wa Temeke anasema tembo ni mnyama adimu sana, kwake hajawahi kulala siku mbili.

Sasa muulize kijana yeyote wa Manzese au Mbagala kama amewahi kumwona tembo mwenyewe, wa damu na nyama, anapumua. Atakujibu: "Aah, yale mambo ya Wazungu." Ukimbana zaidi atakwambia ni ya vibosile.

Basi sisi wanne tukaamua kwamba safari hii itakuwa ya wanaouza mitumba. Mimi, yule mshikaji wa Temeke, dada mmoja wa saluni Kinondoni, na fundi simu wa Kariakoo. Tulichangishana kila mwezi, kama mnavyocheza upatu, miezi minane mfululizo. Nakupa siri ya bure: kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi hakiui mtu. Tunalipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya anayolipa mgeni. Kinachoua ni gari. Gari la kuingia porini, na dereva wake na mafuta yake, ukilikodi peke yako utauza kitanda. Mkiwa kikundi mnagawana, na kitanda kinabaki.

Hifadhi tuliyochagua ni Tarangire, mkoa wa Manyara, kilomita kama 120 kutoka Arusha mjini. Sababu mbili. Kwanza ni mwezi wa nane, kiangazi, na kiangazi Tarangire ndiyo msimu wake, wanyama wote wanakimbilia mtoni. Pili, mjomba wangu anaishi jirani, kwa hiyo tulipata pa kulala bure.

Safari ya basi sitaisimulia, wote mmeshapanda basi. Tuliondoka Mbezi alfajiri, tukafika Arusha jioni, miguu imevimba kama mandazi. Mwezi wa nane Arusha kuna baridi ya kumfanya mtoto wa Mbagala avae soksi mikononi. Kesho yake tukadaka gari la Babati. Unapita Makuyuni, unateremka na lami. Hapo upande wako wa kulia kwa mbali kuna Ziwa Manyara na hifadhi yake, upande wa kushoto kuna Tarangire. Katikati, kwenye hiyo barabara uliyopo, kuna watu. Maduka, mbuzi, mashamba, bodaboda, shule, na Minjingu pale panapochimbwa fosfeti ya mbolea.

Katikati hapo ndipo anapoishi mjomba.

NYUMBANI KWA MJOMBA

Mjomba ni kaka yake mama, wa kutoka Kondoa. Alihamia huko kijana, akapata ekari zake nne, akaoa, akazaa. Tulimkuta anachonga mpini wa jembe. "Shikamoo mjomba!" "Marahaba mjomba, karibuni. Hawa ndio wanaokuja kuwaona ng'ombe wa serikali?"

Ndivyo anavyowaita. Ng'ombe wa serikali.

Baada ya chai alitutembeza shambani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, limebaki bua. Pembeni palikuwa na dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la nyasi, refu kama mtu na nusu. Mjini tungeliita gorofa. Dada wa saluni akauliza kama ni la kupigia picha. Mjomba akacheka, akasema analala humo kuanzia mahindi yanapotoa ndevu mpaka siku ya kuvuna. Usiku, kila usiku, yeye na vijana wa jirani, na tochi, na madebe.

Akatueleza kazi yenyewe. Tembo mmoja akiingia kwenye shamba la ekari nne usiku, ana uwezo wa kukuachia ekari mbili asubuhi. Anachokula ni kidogo, anachokanyaga ni kingi. Kelele za madebe zilisaidia zamani, sasa wamezizoea. Kuna kamba zimezungushwa shamba, zimepakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu ya magari, maana tembo pua yake ndiyo kila kitu chake, na pilipili haitaki mchezo. Zinasaidia mpaka mvua inaposhuka ikaziosha. Tochi kali ya machoni nayo inasaidia, mkiwa wengi. Ukiwa peke yako, mjomba anasema, unabaki juu ya dungu umeshika tumbo, unamsikia anavunja mahindi yako kama mtu anavyokula bisi.

"Sasa si serikali inalipa?" akauliza fundi simu.

Mjomba akasema kuna kifuta jasho. Msomaji, Kiswahili ni lugha tamu kuliko tunavyodhani. Mnyama akila mazao yako au mifugo yako, unachopewa kinaitwa kifuta jasho. Akijeruhi mtu au akimuua, kinaitwa kifuta machozi. Hakuna aliyesema fidia, sikiliza vizuri. Jasho linafutwa, mahindi hayarudi. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba lako kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Uandike, afisa aje apime, fomu ziende, usubiri. Mjomba amewahi kusubiri mpaka mahindi ya mwaka uliofuata yakaliwa pia.

Nikamuuliza, wanaokuja wanajulikana? Akasema madume ndiyo wasumbufu zaidi, na kuna mmoja kijiji kizima kinamjua. Ana pembe moja, ya kushoto haipo, na sikio lake la kulia limechanika mpaka katikati. Wamempa jina, Baba Mkwe.

"Kwa nini Baba Mkwe?"

"Kwa sababu anakuja bila hodi, anakula anachotaka kama anadai mahari iliyobaki, na wewe ukimwona unasimama tu na heshima zako."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Ila mkaza mjomba hakucheka sana. Alikuwa jikoni anasonga ugali, akasema tu kwamba kuna mtu kutoka mjini amekuja mara mbili kutaka kununua shamba. Anataka kuzungushia ukuta, aweke mradi wake. Bei yake ni nzuri, na mtoto wao mkubwa amepata nafasi chuo cha ufundi, ada inatakiwa. Mjomba akanyamaza, akachokoa meno.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba hatukuja kutembea mahali pa mchezo.

KITI CHA SITA

Gari tulilokodi lilikuwa na viti saba vya abiria. Tulikuwa wanne. Usiku ule, tumelala kwenye mkeka, nikauliza: mjomba, umewahi kuingia huko ndani? Akasema hapana. Miaka zaidi ya 20 anaishi kilomita chache kutoka lango la hifadhi, hajawahi kuingia. "Niende kutafuta nini? Wao wanakuja wenyewe."

Asubuhi dereva wetu alipofika, mjomba alikuwa ameshavaa shati la Idi. Mkewe naye hakutaka kubaki nyuma, akajitanda khanga mpya, akasema ng'ombe wakila mahindi yake lazima awaone sura. Tukawa sita. Kiti cha saba kikakaliwa na vyakula.

Ukiingia Tarangire kitu cha kwanza ni mibuyu. Mibuyu mikubwa, imesimama kama wazee wa baraza, mingine ina matundu tumboni ambayo tembo wameyachimba kwa pembe wakitafuta unyevu wakati wa kiangazi. Halafu ukaja ule mpangilio wa kawaida: swala wengi mpaka unawazoea, ngiri wanakimbia na mikia juu kama antena, pundamilia, nyumbu. Twiga alitupa pozi ambalo dada wa saluni alisema hata miss wa kitongoji hawezi. Simba tulimwona pia, usidhani hatukumwona. Alikuwa chini ya kichaka, kalala kama mlinzi wa ghala, tumbo juu. Mshikaji wa Temeke, ambaye ni Yanga wa damu, alifurahi sana, akasema hayo ndiyo amekuwa akiyasema siku zote.

Kisha tukateremka mtoni, na kila mtu akanyamaza bila kuambiwa.

Mto Tarangire mwezi wa nane unakuwa mwembamba, sehemu kubwa ni mchanga. Kwenye mchanga ule tulihesabu tembo 23. Jike mmoja mkubwa alikuwa anachimba. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele taratibu, anauondoa kwa mkonga, anapiga tena, mpaka shimo linaingia maji. Anasubiri yatulie, yawe safi, halafu anakunywa. Maji ya mtoni yalikuwa pale pale hatua chache, lakini yamechafuka, yeye anataka ya kuchuja. Nyuma yake watoto wamepanga foleni. Foleni hasa! Kuna mmoja mdogo alitaka kupenya, akasukumwa kwa mkonga, akarudi nyuma. Sijawahi kuona foleni ya maji isiyo na matusi.

Tulikaa pale saa moja na nusu. Injini imezimwa. Ukiwa mjini saa moja na nusu ni foleni ya Ubungo na unatukana. Pale unasikia masikio yao yanavyopiga mbavu, fap, fap, unasikia tumbo la mtu mzima likinguruma, unasikia mchanga. Kwenye televisheni kila dakika mbili lazima mtu aliwe. Pale hakuliwa mtu. Kilichokuwapo ni familia inakunywa maji, na wewe huwezi kuondoka.

Dereva alikuwa anaijua kazi yake. Akatuambia yule jike mkubwa ndiye mkuu wa kaya, kwa tembo anayeongoza ni bibi. Watoto wa kiume wakibalehe wanatoka nyumbani, wanaishi wenyewe au na madume wenzao. Wa kike wanabaki na mama zao maisha yote. Dada wa saluni akapiga makofi.

Halafu akatusimulia habari ya mwaka 1993. Mwaka huo ukame uliikamata Tarangire vibaya. Watafiti walikuwa wanafuatilia familia za tembo humo, na katika miezi tisa walihesabu watoto 16 waliokufa kati ya 81. Mwaka wa kawaida wanakufa wachache mno. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Familia zilizobaki ndani ya hifadhi ndizo zilizopoteza watoto wengi. Zilizotoka nje kwenda kutafuta maji na majani ziliokoa wengi wao. Na hizo zilizotoka zilikuwa na majike wazee zaidi, wale ambao walikuwapo duniani wakati wa ukame mkali wa mwaka 1958 mpaka 1961. Watafiti wakaona jibu linaloelekea ni hili: bibi alikumbuka. Alipokuwa mtoto aliwahi kupelekwa njia fulani, na miaka zaidi ya 30 baadaye akawapeleka wajukuu njia hiyo hiyo.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na Biolojia tulifundishwa tembo ana mimba ya miezi 22, tukaandika, tukafaulu au tukafeli. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya kile kichwa kuna ramani.

BABA MKWE

Wakati dereva anasimulia, mjomba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amesimama, kichwa nje ya paa, anaangalia ng'ambo ya mto. Chini ya mbuyu palikuwa na dume peke yake, anajimwagia vumbi mgongoni. Mjomba akamgusa mkewe begani.

"Yule pale."

Pembe moja. Sikio la kulia limechanika mpaka katikati.

Dereva akachukua darubini, akasema watafiti nao wanawatambua hivyo hivyo, kwa michaniko ya masikio na umbo la pembe. Mjomba akasema yeye hakuhitaji darubini, anamjua kwa mwanga wa tochi.

Nilikuwa nasubiri aseme neno kali. Huyu ndiye aliyemla mahindi. Mkaza mjomba alimtazama yule dume kwa muda mrefu, mdomo ameufunika kwa khanga. Dume akamaliza kuoga vumbi, akavuka mto polepole, akapita mbele ya gari letu karibu sana, macho chini, kama mzee anayetoka msikitini asiyetaka kumkanyaga mtu. Fundi simu alikuwa ameshika mkono wangu, na mimi nilikuwa nimeshika wake, na hilo halitazungumzwa tena.

Alipopita, mjomba akasema kwa sauti ya chini: "Mchana wana adabu hawa."

Kisha akamuuliza dereva: "Mvua zikianza, wanaondoka humu?"

"Wengi wanaondoka, mzee. Nyumbu na pundamilia wengi wanaelekea mbuga za Simanjiro, huko mashariki, ndiko wanakozalia. Wengine wanashika magharibi, wanavuka kwenda upande wa Ziwa Manyara."

"Wanavukia wapi?"

Dereva akageuka, akaonyesha kwa kidole tulikotoka asubuhi. "Kwakuchinja pale. Kwako, mzee."

Nilishaisikia redioni habari ya ushoroba wa Kwakuchinja, nikadhani ni jina la barabara. Ushoroba ni ile njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, na haina geti wala kibao cha Karibu. Ni mashamba ya watu, malisho ya watu, na lami inayopita katikati. Ikizibwa na kuta na nyumba, Tarangire itabaki kama chumba chenye mlango uliopigwa misumari, na siku ukame wa 1993 ukirudi, bibi atakumbuka njia, atafika, atakuta ukuta.

Na ufunguo wa mlango huo mmoja wapo upo kwenye mfuko wa shati la Idi la mjomba wangu, pamoja na namba ya simu ya yule mnunuzi.

KWA HIYO?

Kwa hiyo msomaji, nakuambia mambo mawili.

La kwanza, nenda. Acha kusema ni mambo ya Wazungu. Harusi moja ya mjini unachangia kadi, unashona sare, unakodi gari la kwenda ukumbini, na asubuhi huna hata picha nzuri. Kusanyeni kikundi, changeni taratibu, nendeni kiangazi kati ya mwezi wa saba na wa kumi. Bebeni kanzu la kuzuia vumbi au nguo msizozipenda. Marashi yaacheni nyumbani, dada wa saluni alipendwa na kila inzi wa Tarangire.

La pili ndilo zito kidogo. Ukishamtazama tembo ukafurahi, jua kwamba mchana analishwa na hifadhi, na usiku mwingine analishwa na mtu ambaye hajawahi kukata tiketi. Watalii tunalipa langoni. Mjomba analipa shambani, kwa magunia. Wanaosema wanavijiji hawapendi wanyama waende wakalale kwenye dungu usiku mmoja mwezi wa tano, halafu tuongee. Na wanaosema wanyama wauawe waishe, waende wakaone ile foleni ya maji, halafu tuongee pia. Mimi nimeona vyote viwili, na sina jibu la haraka. Ninachojua ni kwamba kifuta jasho cha kweli kingekuwa kikubwa, na kingewahi, kabla jasho halijakauka lenyewe.

Tulipokuwa tunaaga, mjomba alitupa kiroba cha unga. Nikamuuliza kuhusu yule mnunuzi. Akasema kapiga simu tena, hajamjibu ndiyo, hajamjibu hapana. Mkaza mjomba akadakia kwamba kama ni kuuza watauza, lakini kwanza wajue huyo mtu atajenga ukuta wa namna gani. Mjomba akamtazama kwa mshangao. Miaka yote alikuwa wa kwanza kusema wauze waondoke.

Ada ya chuo inatakiwa mwezi wa kumi. Sisi wanne upatu wetu umeanza upya, na mara hii zamu ya kwanza kupokea ni ya mtoto wa mjomba. Si fedha ya kujenga gorofa, lakini ni kitu.

Tukutane wiki ijayo, tunarudi kwenye wachumba zenu.